Kazi Isemwe na Anayeifanya

Kila nafasi ya kazi hapa huanza na karatasi kutoka kwa meneja wa eneo. Safari hii anataka maafisa wa nyanjani wa kuhudumia wakulima upande wa Kiminini na Kamukuywa, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Maneno ni yale tuliyoyazoea: mwombaji awe mchapakazi, awe na ari, aweze kufanya kazi chini ya shinikizo. Dada anayeshughulikia uajiri anaisoma karatasi mara mbili, kalamu mkononi, akitia alama ya kuuliza juu ya kila neno ambalo kijana wa Kiminini hawezi kulipatia picha. "Shinikizo" linapata alama mbili. Halafu anampigia meneja simu. Hamuulizi anataka mtu wa aina gani. Anamuuliza afisa huamka saa ngapi msimu wa kupanda, hutembea kutoka wapi hadi wapi, jioni huandika nini, na yule wa mwisho kuacha kazi aliondoka kwa nini. Swali hilo la mwisho meneja analizungukazunguka. Dada ananyamaza, simu sikioni, mpaka jibu linakuja lenyewe: alichoshwa na matope, na hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya matope.

Analiandika neno hilo, matope, katikati ya ukurasa na kulizungushia duara.

Simtaji jina, wala shirika lake la kilimo. Kwenye kandarasi yake ameandikwa afisa wa idara ya wafanyakazi, mwenye ofisi Bungoma mjini na meza ya kuazima Kitale. Kazi ninayomsifia ni moja tu kati ya nyingi alizopewa: kuwafanya wafanyakazi waeleze kazi yao kwa vinywa vyao, na kuyafikisha maelezo hayo, kwa Facebook na WhatsApp hasa, kwa watu wanaotafuta ajira. Kwa juujuu ni kazi nyepesi. Simu kila mtu anayo, na siku hizi hata duka la vifaa vya ujenzi lina ukurasa wake. Lakini nimemtazama akiifanya, na nimeona ni ufundi kamili, wenye zana zake, hatua zake, na mahali pake pa kuharibikia.

Eneo hili limejua njia nyingi za kuwapata watu wa kazi, na si zote za heri. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika mwenye miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande, cheti kilichotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Humo mwajiri aliandika ujira na tarehe za kuanza na kuacha kazi, na asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine. Mwajiri alikuwa na pa kumwandika mfanyakazi. Mfanyakazi alikuwa na kijiji chake tu, na huko ndiko alikoeleza shamba gani lina posho pungufu na nyapara gani ana mkono mwepesi.

Baadaye vikaja viwanda: Pan Paper pale Webuye, mpaka kilipofungwa mwaka 2009, na kiwanda cha sukari cha Nzoia karibu na Bungoma. Kijana alisikia habari za nafasi kwa mjomba wake aliye ndani. Mjomba alimwambia ukweli, kwa sababu angemdanganya mpwa wake wangekutana kwenye matanga na dada yake angemuuliza mbele ya watu. Alimwambia zamu ya usiku ikoje, harufu ikoje, msimamizi gani wa kuepukwa. Ubaya ni kwamba asiye na mjomba hakuambiwa kitu. Ninavyoiona mimi, kazi yote ya dada huyu ni kumpa asiye na mjomba maneno yaleyale ambayo mjomba angemwambia. Ndiyo maana swali analorudia kwa kila mfanyakazi mbele ya simu ni moja: angekuwa mtoto wa dada yako ndiye anayeitaka kazi hii, ungemwambia nini?

Na watu atakaoongea nao wanaijua kazi yenyewe. One Acre Fund, iliyoanzishwa Bungoma mwaka 2006 na Mmarekani Andrew Youn kwa familia zipatazo 40, ilikua kwa kuajiri watu wa vijijini kuwapelekea majirani zao mbegu na mbolea za mkopo na kuwafundisha kuzitumia, na leo afisa wa nyanjani ni mtu wa kawaida huku kama mwalimu wa shule ya msingi. Kitale ndiko iliko Kenya Seed tangu mwaka 1956, na mahindi chotara ya H611 yalitolewa hapo mwaka 1964, kiasi kwamba mkulima wa hapa huitaja mbegu kwa namba bila kufikiri. Ukiweka kwenye Facebook video ya kijana mwenye fulana safi akitabasamu katikati ya mahindi yaliyokaribia kuvunwa, huku akisema huo ni msimu wa kupanda, utachekwa kabla dakika haijaisha.

Hatua ya kwanza baada ya simu ya meneja ni kumchagua msemaji. Meneja huwa ana wake tayari, na karibu kila mara ni yule mwenye Kiingereza kizuri aliyezoea kupokea wageni kutoka Nairobi. Dada anashukuru, kisha anaomba orodha nzima. Anamtafuta mtu aliyekwisha kupitia misimu miwili au mitatu ya mvua, ambaye bado hajaisahau wiki yake ya kwanza. Anaangalia waliofika sekondari tu na waliotoka chuo, wanawake na wanaume, walio na pikipiki na wanaotembea. Halafu anaangalia majina. Kitale ni mji wa Wabukusu, Wasabaoti, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu, Wakisii na wengine, na ng'ambo ya pili, Mlima Elgon, watu waliuana kwa ajili ya ardhi kati ya 2006 na 2008. Mtazamaji akiona majina ya upande mmoja video baada ya video, atafunga simu na kuamini kazi zimeshagawanywa. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kabila, lugha, jinsia, dini na ulemavu tangu hatua ya kuajiri. Dada anacho kifungu hicho kimebandikwa ukutani juu ya meza yake, lakini kinachomwongoza zaidi ni daftari ambamo ameandika nani aliongea mwezi gani, ili mwaka ukiisha aweze kuona kama kuna jamii iliyokaa kimya.

Safari hii amemchagua mama mmoja wa upande wa Misikhu, afisa kwa mwaka wa tatu sasa. Anampelekea karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida. Inasema tutachukua sura yako na sauti yako, tutaziweka hapa na hapa, kwa muda huu, unaweza kukataa na hakuna litakalobadilika kazini, unaweza kubadili nia wakati wowote, na ukiacha kazi tutaiondoa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya namna hiyo, iliyo wazi na inayoweza kufutwa. Anaisoma kwa sauti, polepole, kisha anakataa kupokea sahihi. Anaiacha ilale nyumbani kwa yule mama. Mbele ya mtu wa ofisi, hasa mtu wa idara ya wafanyakazi, nani atasema hapana? Kesho yake karatasi ikirudi na sahihi, kazi inaanza. Isiporudi, haulizi.

Zana zake zinaingia kwenye mkoba mmoja wa begani: simu ya kawaida ya Android, stendi ya miguu mitatu, maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye kola, pawa benki, kitambaa cha pamba, daftari na kalamu mbili. Akifika, hatoi chochote. Kwanza anasimama uani na kusikiliza. Kuna kinu cha posho ng'ambo ya barabara, kinaanza na kunyamaza. Kuna boda zinazopanda mlima kwa gia ndogo. Kuna kuku. Paa ni la mabati, na huku mvua hupenda kuja alasiri. Mvua juu ya mabati hakuna maiki inayoishinda, ndiyo maana amefika asubuhi. Kuku anawaacha, kwa kuwa kila anayetazama video ana kuku nyumbani. Kinu hakikubaliki. Anasogeza viti viwili mpaka nyuma ya nyumba, karibu na ghala la mahindi, anakaa kwenye kiti cha msemaji yeye mwenyewe, anatazama jua liko wapi, anageuza kiti kidogo, anakaa tena.

Yule mama anamwita "madam". Anajibu "madam" kwa kila swali, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Dada hamkosoi. Wanakunywa chai. Wanaulizana habari za shule iliyofungwa na bei ya gunia. Anasifia chai, anaongezewa. Nimengoja nione ni lini atawasha simu, na hakuiwasha mpaka lile neno "madam" lilipopotea katikati ya hadithi fulani kuhusu ng'ombe wa jirani na mahali pake pakaingia "dada". Hapo ndipo alipotoa kitambaa, akafuta lenzi kwa mizunguko midogo, akazima mawimbi ili asipigiwe, akaibana maiki chini kidogo ya kola isikwaruzwe na leso, akavaa spika za masikioni, na kumwomba mama aeleze alivyokula asubuhi. Majibu hayo hayatatumika. Ni ya kupima sauti, na ya kumzoesha mama kuongea huku akitazamwa.

Maswali yake ni mafupi na yana siku na saa ndani yake. Jana ulitoka nyumbani saa ngapi? Ulianzia kwa nani? Ulibeba nini? Mwezi wa nne mwaka huu, siku mbaya kuliko zote ilikuwa ipi? Hajawahi kumuuliza mtu mbele yangu kwa nini anaipenda kazi yake. Swali hilo humfanya mtu atoe maneno ya kwenye bango. Ukimuuliza alibeba nini, atasema alibeba mizani ya mkono, daftari la malipo, na kamba ya kupimia mistari yenye vifundo kila sentimita 75, na mtafutaji kazi aliye Kamukuywa ataiona siku nzima kwa macho yake.

Kubwa zaidi ni kunyamaza kwake baada ya jibu. Mama amemaliza, ametabasamu, anangoja swali linalofuata. Dada haongei. Anatikisa kichwa kidogo na kuendelea kumtazama usoni, si kwenye simu. Sekunde zinapita, ndefu kwa anayetazama. Na karibu kila mara msemaji anaongeza jambo, na lile la nyongeza ndilo alilolifuata kutoka Bungoma. Mama alikuwa amejibu kwamba mvua si tatizo, wamezoea. Kimya. Kisha akacheka na kusema kwamba kusema kweli, mwezi wa nne gambuti zinanasa kwenye matope mpaka unazivuta kwa mikono miwili, na huwezi kurudi, kwa kuwa mkulima amesimama pale barabarani anakungoja, mbolea yake iko kwenye orodha yako.

Dada aliandika saa kwenye daftari: dakika ya kumi na nne.

Jioni anakaa na nusu saa ya maongezi, na anachohitaji ni dakika moja. Wengine huanza kukata moja kwa moja kwenye simu. Yeye huandika kwanza. Anasikiliza sentensi, anasimamisha, anaiandika kwa mkono, anaendelea. Anaandika kila kitu, hata "eeh" na "sasa" na maneno ya Lubukusu yaliyoingia katikati. Ukurasa ukijaa anaurudia kwa kalamu nyekundu na kuanza kuchambua, kama mtu mwenye ungo wa maharagwe mapajani. Kila palipo na sifa tupu anapitisha mstari. Kila palipo na kitu cha kushikika anatia nukta. Palipo na jina la mkulima au deni lake anafuta kabisa, kwa kuwa mkulima hakutia sahihi karatasi yoyote. Zinabaki sentensi tisa, kisha sita.

Ile ya matope ilileta mjadala. Meneja aliomba ibaki nusu ya mwisho tu, kuhusu mkulima anayengoja, kwa hofu kwamba matope yatawafukuza waombaji. Dada alimwonyesha ukurasa wake wenye lile duara. Akamwambia, kwa upole kabisa na kwa kumwita "bosi" kama anavyostahili, kwamba atakayekimbia matope ya kwenye simu angeyakimbia ya Kamukuywa pia, mwezi wa nne, mbolea ikiwa imeshafika. Sentensi ikabaki nzima.

Kuikata kwenyewe kulichukua sehemu kubwa ya jioni. Kabla ya maneno "na huwezi kurudi", mama alivuta pumzi. Ukiiacha pumzi yote, sentensi inalegea. Ukiiondoa yote, anasikika kama aliyesomeshwa. Dada aliisikiliza mara nyingi, macho kwenye mstari wa mawimbi ya sauti, kidole kikisogeza alama ya kukatia kidogo kulia, kidogo kushoto. Aliiacha nusu. Alipocheza tena, kicheko, pumzi na uzito wa lile jambo vilifuatana vile nilivyovisikia pale ghalani, na nikaelewa kwa nini alikuwa amenyamaza muda mrefu namna ile asubuhi. Muziki hakuweka. Nembo ya shirika aliiweka mwishoni, sekunde tatu.

Kisha maandishi ya chini. Wengi hutazama bila sauti, ndani ya matatu au wakiwa kazini kwa watu, kwa hiyo kila neno huandikwa. Anaandika kama lilivyosemwa. Mama akisema "tunaendanga", inaandikwa "tunaendanga". Kiswahili cha Webuye kinamtosha anayetafuta kazi Webuye, na kumsahihisha mtu mzima mbele ya umma baada ya kumwomba sauti yake ni kumvunjia heshima. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Herufi ni kubwa, nyeupe juu ya kivuli cheusi. Tarehe ya mwisho ya kuomba anaichapa ndani ya picha yenyewe, juu kushoto, tangu mwanzo hadi mwisho wa video. Hii ni kwa sababu video husambazwa na watu bila maelezo yake, na tangazo lililopitwa na wakati linaweza kuzunguka kwenye makundi mwaka mzima, mtu akipoteza nauli kulifuata.

Anaipunguza uzito ili isile bando. Halafu anafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: anaihamishia kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, anatoka nayo hadi stendi ya magari Kitale saa sita mchana, na kuitazama juani. Kama hasomi maandishi pale, anarudi kuyakuza.

Msemaji huiona kabla ya mtu mwingine yeyote nje ya ofisi. Mama aliitazama mara mbili, akacheka pale pa gambuti, kisha akaomba jina la mtoto wake lililopita haraka katikati liondolewe. Liliondolewa, na kwa kuwa sentensi ile ilikufa bila jina, sentensi nzima ilikwenda.

Maneno ya tangazo lenyewe ni mafupi. Idadi ya nafasi. Maeneo, kwa majina ya vituo ambayo hata dereva wa boda anayajua. Kandarasi ni ya muda gani. Mshahara wa kuanzia, kwa shilingi. Alilipigania hili kwa wakubwa wake mpaka likakubaliwa, na mimi ningemsifia hata kwa hilo peke yake. Masharti ya lazima, matatu au manne. Na mstari unaojitegemea: hatutozi pesa yoyote, iwe ya fomu, ya mahojiano, ya sare au ya daktari. Matapeli wa kazi wamewaumiza watu wengi nchini kwa kuomba ada ndogondogo kwa njia ya simu, na tangazo la kweli lisilosema hivyo linampa tapeli nafasi ya kulinakili na kuongeza namba yake.

Kusambaza kuna adabu yake pia. LinkedIn, iliyoanza mwaka 2003, anaitumia kwa nafasi za uhasibu na za uongozi. Afisa wa nyanjani hapatikani huko. Huyu yuko Facebook, na yuko kwenye makundi ya WhatsApp: waliosoma pamoja Kitale National Polytechnic, waliomaliza Chuo Kikuu cha Kibabii, kwaya, chama, timu ya mpira ya kata. Wanaomfikisha huko ni wafanyakazi wenyewe. Anawatumia video wale walioomba kutumiwa, na hawapi maneno ya kunakili. Watu ishirini wakiweka status yenye maneno yaleyale, kila mwenye simu atajua wameamriwa. Mmoja huandika, "Huyu mama tunafanya naye kazi, anasema kweli." Mwingine huandika mstari mmoja wa Kisabaoti. Mwingine haandiki kitu wala haweki, na dada haweki orodha ya nani kaweka na nani hajaweka. Saa anayoichagua ni kama saa mbili usiku, taarifa ya habari ya saa moja ikiwa imeisha na watoto wamekula. Kwa wasio na simu ya intaneti, anachapa karatasi na kuibandika ofisi ya chifu na kwenye mbao za matangazo za makanisa.

Kwa wengi kazi ingeishia hapo. Kwake inaanza sehemu isiyoonekana. Ndani ya saa moja, maoni yamejaa. Wengi wanaandika "interested" na namba ya simu. Anawajibu mmoja mmoja, akiwaelekeza mahali pa kuomba na kuwasihi wafute namba zao hadharani. Mmoja anaandika: hizi kazi zina wenyewe. Hilo angeweza kulipita. Anamwandikia aya nzima, akieleza maombi yanasomwa na nani, majina hufichwa katika hatua ipi, mahojiano yatafanyika wapi, na kwamba atakayekosa atapigiwa simu. Hilo "atapigiwa simu" si pambo. Nimemwona akipiga simu hizo, akiwa na orodha na rula ya kufuatia mistari, akimwambia kila mtu kwa sauti ileile ya upole kwamba safari hii hakupata na ni kwa sababu gani.

Kisha akatokea mfanyakazi wa zamani aliyeandika kwamba marupurupu yake ya mwisho hayakuwahi kulipwa. Meneja alitaka maoni hayo yafutwe. Dada aliyaacha, akamjibu hapohapo kwamba ameyaona na anafuatilia, akamwomba namba ya kazi kwa ujumbe wa faragha, na asubuhi yake akaenda kwa mhasibu. Ilichukua siku kadhaa na faili mbili kutoka kabatini. Pesa zilipotoka, alirudi chini ya maoni yaleyale na kuandika kwamba zimelipwa, akitaja tarehe, na yule mtu akathibitisha. Marekani tangu mwaka 2008 kuna Glassdoor, mtandao ambako wafanyakazi huwaandika waajiri wao bila kutaja majina, na kampuni huajiri watu wa kuujibu. Hapa jukwaa hilo ni sehemu ya maoni chini ya video, jina na picha ya mtu vikiwa wazi, na shangazi zake wakisoma.

Walioajiriwa walianza kazi mvua zilipokaribia. Baada ya miezi mitatu dada aliwatembelea, mmoja baada ya mwingine, na daftari lilelile. Hakuwauliza kama wanafurahi. Aliwauliza: ulichokiona kwenye video na ulichokikuta, vinapishana wapi? Matope, walisema, yako vilevile. Kuamka, vilevile. Mkulima barabarani, vilevile, na mmoja alisema siku ya kwanza alipomkuta kweli amesimama pale alimkumbuka yule mama. Lakini wawili, walio mbali na wasiojuana, walitaja jambo moja ambalo video haikuligusa: salio la simu. Wakulima hupigiwa tangu alfajiri, na afisa huanza kutumia pesa zake mwenyewe, ndipo arudishiwe mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza, kabla mshahara haujaingia, mmoja alilazimika kukopa kwa jirani.

Aliandika "salio" katikati ya ukurasa mpya na kulizungushia duara. Siku hiyohiyo alimpigia meneja kuuliza kama maafisa wapya wanaweza kupewa salio la mwezi wa kwanza mapema, na akaambiwa suala hilo lipelekwe Nairobi. Alilipeleka kwa maandishi, akiambatisha maneno ya wale wawili bila majina yao. Jibu lilikuwa halijafika tangazo lililofuata, la nafasi za upande wa Chwele, lilipokuwa tayari, na hakulingoja. Msemaji wa safari hiyo alikuwa kijana aliyemaliza Kibabii, mwenye sauti ya chini. Kwenye sekunde ya ishirini na mbili, chini ya maandishi meupe, anasema kwamba salio utaanza na lako, litarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo njoo umejipanga.

Kuhusu jibu la Nairobi, anapiga simu kila Jumatatu.